Kidonda cha Kinywani

Kwa mwenye kisukari hakuna neno zito kuliko kidonda. Sisi tunaoishi na ugonjwa huu tumelisikia tangu siku ya kwanza ya kliniki: usitembee peku, kagua nyayo zako kila jioni, usikate kucha mpaka kwenye nyama, ukiona lengelenge usilitumbue. Muuguzi akisema "vua viatu", hakuna anayeuliza sababu. Wote tunajua habari za mguu ulioanza na mwiba ukaishia kwenye msumeno wa hospitali, na hofu hiyo imeokoa miguu mingi. Lakini katika miaka yote ya kupimwa sukari, mkojo, shinikizo la damu na macho, wengi wetu hatukumbuki hata mara moja kuambiwa "fungua kinywa". Huko ndiko wengi tunakobeba kidonda kingine, ambacho damu yake tunaitema asubuhi kwenye beseni la kunawia, tunafungulia maji, kisha tunaendelea na siku yetu. Nina hoja moja tu: ufizi unaotoka damu kwa mtu mwenye kisukari ni kidonda halisi, na unastahili hofu ile ile, uangalizi ule ule na haraka ile ile tunayoupa mguu.

Anayedhani ninatia chumvi kwa kuuita kidonda, atazame jinsi jino lilivyokaa. Jino halikuota juu ya nyama kama mti juu ya udongo. Limezama ndani ya mfupa wa taya, na ufizi umelizunguka kama kola ya shati inavyozunguka shingo. Kati ya kola hiyo na jino upo mfereji mwembamba, ambao kwa mtu mwenye afya kina chake hakizidi milimita 3. Ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaojengeka juu ya jino kila siku, ukiachwa kwenye mstari wa ufizi, hukomaa na kukusanya madini ya mate mpaka ukawa ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa. Ufizi huvimba, hulegeza mshiko wake, na ule mfereji hugeuka kuwa kifuko cha milimita 4, 5, 6 na zaidi. Ukuta wa ndani wa kifuko hicho ni nyama iliyochubuka. Ugonjwa ukiwa mkali na ukienea kwenye meno mengi, eneo lote lililochubuka likikunjuliwa na kutandazwa mezani laweza kufikia sehemu kubwa ya kiganja cha mkono. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa kwenye wayo, nyumba nzima isingelala. Kwa kuwa kimejificha nyuma ya midomo na mara nyingi hakiumi, kinaachwa kwa miaka mpaka meno yaanze kucheza.

Kisukari hakileti ukoga, maana ukoga ni wa kila mwenye meno. Kinachofanya ni kumnyima mwenye kinywa silaha za kupambana nao. Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu, seli nyeupe za damu zinazopaswa kukimbilia penye bakteria na kuwameza huzembea kazini. Sukari hiyo hiyo hujishika kwenye protini za mwili, na mabaki yake huamsha uvimbe usiozimika na kuzorotesha ukarabati wa nyama na mfupa. Vijishipa vidogo vya damu huwa vinene na vigumu, kwa hiyo oksijeni na chakula hupita kwa shida, kama ilivyo kwenye jicho na kwenye figo. Mate nayo hupungua, hasa sukari ikiwa juu na maji yanatoka kwa mkojo, na kinywa kikikauka kinapoteza mlinzi wake wa asili. Hapo hata kuvu hupata nafasi, ndiyo maana baadhi yetu huota utando mweupe ulimini na kuhisi kinywa kikiwaka moto. Walio na shinikizo la damu pia, na ni wengi, huenda wanameza nifedipini au amlodipini, dawa ambazo kwa baadhi ya watu huufanya ufizi unenepe na kufunika meno, ukoga ukapata maficho mapya. Dawa hizo haziachwi kwa uamuzi wa mtu binafsi, lakini daktari anayeziandika anapaswa kuambiwa ufizi unavyokwenda.

Mpaka hapo hoja ni nyepesi kukubalika, kwani wengi wanafahamu kwamba kisukari huharibu kila kinachoguswa na damu. Sehemu isiyosikika sana ni ya pili: kinywa nacho hulipiza. Kidonda cha ufizi hakikai peke yake kama jirani aliyejifungia. Bakteria na sumu zao hupenya kwenye damu kila tunapotafuna na kila tunapopiga mswaki. Mwili hujibu kwa kumwaga kemikali za vita, na baadhi ya kemikali hizo huziba masikio ya misuli na ini zisisikie amri ya insulini. Ndiyo sababu sukari hupanda mtu akiwa na jipu au homa ya mapafu, hata kama hajabadilisha chakula wala dawa. Tofauti ni kwamba jipu huiva likapasuka na homa huisha kwa siku kadhaa, ilhali ugonjwa wa fizi ni jipu pana, la chini chini, linalodumu miaka kumi. Kwa hiyo yupo mgonjwa anayejilaumu kwa wali alioonja harusini, anayeongezewa kidonge juu ya kidonge, ilhali sehemu ya mzigo wake inatoka kwenye fizi ambazo hakuna aliyezitazama.

Ushahidi wa mambo haya ulikusanywa kwa subira katika jamii iliyoumizwa sana na kisukari. Katika jangwa la Arizona, Marekani, kwenye bonde la mto Gila, wanaishi Wapima, wenyeji wa asili ambao maji yao ya kilimo yalichukuliwa na walowezi waliokuja kukaa upande wa juu wa mto. Chakula chao kikabadilika, na kisukari cha aina ya pili kikawaenea kwa kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuandikwa duniani. Tangu mwaka 1965 watafiti wa serikali walikuwa wakiwapima mara kwa mara, damu na mkojo, na baadaye na vinywa. Ilionekana kwamba wenye kisukari walikuwa katika hatari ya ugonjwa mkali wa fizi karibu mara tatu kuliko wasio nacho, hata umri ulipozingatiwa. Utafiti wa mwaka 1996 ukaonyesha kwamba wagonjwa waliokuwa na fizi mbovu mwanzoni ndio ambao sukari yao ilielekea zaidi kuharibika miaka michache baadaye. Mwaka 2005 likatoka jambo zito kuliko yote: kati ya Wapima wenye kisukari, waliokuwa na ugonjwa mkali wa fizi walikufa kwa maradhi ya moyo na figo kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wenzao wenye fizi nafuu, baada ya kuhesabu umri, uvutaji sigara, shinikizo la damu na mengineyo. Watu hawa walilipa kwa miili yao ili sisi wengine tujue. Kulipuuza somo lao ni kukosa shukrani.

Mtu aliyeyaweka haya katika kauli moja ni Harald Löe, mtaalamu wa fizi kutoka Norway aliyekuwa akiongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa meno huko Marekani. Mwaka 1993 aliandika katika jarida la madaktari wa kisukari kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa athari ya sita ya kisukari. Tano zilizotangulia zinajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki: macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu inayolisha moyo na ubongo, na vidonda visivyopona. Uzito wa kauli ile ulikuwa kwenye mahali alipoisemea. Aliwaambia madaktari wa sukari, katika jarida lao wenyewe, kwamba kinywa ni shamba lao pia. Zaidi ya miaka 30 imepita. Kwenye kliniki nyingi ile orodha ya tano bado inafundishwa kama ilivyokuwa, na ya sita inabaki kuwa jambo la kujisomea.

Pingamizi la kwanza ni lile tulilolisikia nyumbani tangu utotoni: fizi kutoka damu ni kawaida, na meno kung'oka ni uzee. Löe huyo huyo alikuwa amelijibu zamani. Mwaka 1965 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Aarhus, Denmark, ambamo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona katika siku chache. Kwa hiyo damu ile ni dalili yenye chanzo, na chanzo chake kinaondoka kwa mswaki. Kuhusu uzee, Löe aliongoza kazi nyingine iliyoanza mwaka 1970 kwa vibarua 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu wasiopata huduma yoyote ya meno wala kuwa na desturi ya kupiga mswaki. Walifuatiliwa kwa miaka 15. Wote walikuwa na ukoga na ugaga tele, lakini asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 mfupa wao haukuendelea kuliwa. Kama meno yangekuwa yanaanguka kwa sababu ya umri tu, watu hao wa kazi moja na mazingira mamoja wangeharibikiwa sawasawa. Kumbe mwili wenyewe una neno katika hukumu. Na kisukari kisichodhibitiwa ni mojawapo ya mambo yanayomtoa mtu kwenye kundi la wenye bahati na kumpeleka kwenye lile la asilimia 8.

Pingamizi la pili ni la wasomi, na linastahili jibu la heshima. Wanasema: kuonekana pamoja si kusababishana. Huenda mtu asiyetunza meno ndiye pia asiyefuata dawa, kwa hiyo fizi na sukari vinaharibika kwa uzembe mmoja. Dawa ya shaka hiyo ni kutibu fizi za kundi moja, kuliacha jingine lisubiri, kisha kupima sukari ya makundi yote mawili. Mwaka 2013 yalitoka Marekani matokeo ya jaribio kubwa la watu 514, na kundi lililosafishwa fizi halikuonyesha nafuu yoyote ya sukari. Wengi wakafunga kitabu. Lakini ukisoma kwa makini unaona kwamba baada ya matibabu vinywa vya wagonjwa wale vilibaki na ukoga mwingi na fizi zilizoendelea kutoka damu. Huwezi kusema maji hayazimi moto kwa kuwa ulimwaga kikombe kimoja. Mwaka 2018 likaja jaribio la London lenye watu 264, ambamo tiba ilifanywa kwa ukamilifu na kurudiwa kila ilipohitajika. Baada ya mwaka mmoja, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilikuwa chini kwa pointi 0.6 za asilimia kwa waliotibiwa kikamilifu, wakilinganishwa na wenzao waliofanyiwa usafi wa kawaida wa juu juu. Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane, unaosifika kwa kuchuja tafiti bila upendeleo, ulijumlisha majaribio 35 na kukuta kupungua kwa takriban pointi 0.43 katika miezi mitatu hadi minne, na nafuu ikiendelea kuonekana mpaka mwaka mmoja.

Namba hizo ni ndogo kwa macho, na nisingependa mtu azipambe. Kusafisha fizi hakuponyi kisukari. Hakuchukui nafasi ya insulini, wala ya metformini, wala ya kupunguza chai ya sukari na kutembea kila siku. Anayeacha dawa kwa kuwa amesafishwa meno amejidanganya vibaya. Hata hivyo, kila aliyewahi kupambana na kipimo cha miezi mitatu anajua ugumu wa kukitoa kwenye 8.5 na kukifikisha kwenye 8. Nafuu ya nusu pointi haiko mbali na ile inayotolewa na baadhi ya vidonge vya kuongezea, vidonge ambavyo hununuliwa kila mwezi na vina madhara yake. Hapa tunapata nafuu hiyo na juu yake tunabaki na meno, tunaondokana na harufu mbaya ya kinywa, na tunafunga mlango mmoja ambao bakteria walikuwa wakiutumia kuingia kwenye damu. Ni dawa gani nyingine ingetolewa na faida kama hizo watu wakaiacha kaunta?

Pingamizi la tatu halisemwi kwa sauti, lakini ndilo linalotawala: jino ni jino tu, likisumbua ling'olewe. Wahenga walilijibu kwa maneno machache, jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa mwenye kisukari methali hii ina uzito wa ziada, kwa sababu pengo hubadilisha sahani. Vyakula tunavyosisitiziwa kliniki ndivyo vinavyodai meno: karanga, kunde zisizopondwa, kachumbari, karoti mbichi, mchicha usioiva kupita kiasi, mapera, nyama isiyo na mafuta, dona iliyoshikana. Mtu asiyeweza kutafuna hurudi kwenye vinavyoteremka vyenyewe, yaani uji, mkate uliochovywa kwenye chai, viazi vya kuponda, wali bokoboko, juisi badala ya tunda. Vyote hivyo hupandisha sukari haraka, na sukari ikipanda, fizi zilizobaki huoza zaidi, na jino jingine hulegea. Kwa hiyo kung'oa bila kutibu ugonjwa uliolegeza jino ni kuvunja ukuta wa nyumba iliyoingiwa mchwa na kuwaacha mchwa. Meno ya bandia husaidia, na aliyeyahitaji asione haya kuyavaa, ila nguvu yake ya kutafuna iko chini sana ya ile ya meno ya asili. Nayo hutaka usafi wake: yatolewe usiku, yasuguliwe, kinywa kipumzike, la sivyo kuvu huota chini yake.

Upande wa pili wa fikra hiyo wapo wanaoogopa kiti cha daktari wa meno kabisa. Imeenea imani kwamba mwenye kisukari akiguswa kinywani hatapona, kwamba kung'oa jino ni kujitakia kifo, na kwamba kusafisha ugaga hulegeza meno. Hofu ya kwanza ina chembe ya kweli. Sukari ikiwa juu mno, kidonda huchelewa kupona na hatari ya kuoza huongezeka, kwa hiyo shughuli isiyo ya dharura huahirishwa mpaka sukari iteremshwe. Lakini jino lenye usaha ni dharura. Kuliacha kwa kuogopa kisukari ni kuacha chanzo kinachokichochea kisukari chenyewe. Mgonjwa ambaye sukari yake imedhibitiwa vizuri hung'olewa jino na kupona bila matata. Anachotakiwa ni kutaja ugonjwa wake na dawa zake zote, kwenda asubuhi akiwa amekula na kumeza dawa kama kawaida, kubeba kifaa chake cha kupimia kama anacho, na kukumbuka kwamba ganzi itamchelewesha kula ilhali insulini aliyojidunga haisubiri. Kuhusu kusafisha kulegeza meno, ukweli ni kwamba meno yalikuwa yamelegea tangu zamani, na ugaga ndio uliokuwa umeyashikanisha kama saruji mbovu. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo unaonekana, na ufizi unapata nafasi ya kukaza upya. Anayekimbia hapo amekimbia mwanzo wa kupona.

Pingamizi la nne ni zito kuliko yote kwa nchi zetu: madaktari wa meno wako wapi, na fedha ziko wapi? Wilaya nyingi za Tanzania na Kenya zina madaktari wachache wa kinywa kwa watu wengi mno, na mara nyingi vifaa vilivyopo vinatosha kung'oa tu. Bima nazo si zote zinazolipia usafishaji. Siwezi kulifuta tatizo hili kwa maneno. Lakini mguu unatupa kumbukumbu ya kutia moyo. Mwaka 2004 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingia katika mradi wa kufundisha utunzaji wa miguu ya wenye kisukari, na Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mstari wa mbele. Mradi huo haukungoja kila wilaya ipate daktari bingwa wa upasuaji. Ulichukua madaktari na wauguzi waliokuwepo, ukawafundisha kutazama mguu, kutambua hatari mapema na kumfunza mgonjwa. Kinywa kinahitaji jambo hilo hilo, tena kwa urahisi zaidi. Muuguzi anayejua kuuliza maswali matatu, yaani fizi zako zinatoka damu, kuna jino linalocheza, kinywa chako kinakauka, na anayetazama kwa tochi kwa nusu dakika, tayari amefanya kazi ya maana. Watakaohitaji rufaa watajulikana, na wale madaktari wachache waliopo watawapokea wanaowahitaji kweli.

Tukiuliza kwa nini hilo halijawa desturi, jibu limo kwenye historia ya fani yenyewe. Chuo cha kwanza duniani cha udaktari wa meno kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, kikiwa kimejitenga na vyuo vya udaktari wa mwili, na mfano huo ukaenea. Tukarithi hospitali zenye milango miwili, rekodi mbili, foleni mbili. Daktari wa sukari hafungui kinywa, na daktari wa meno hapimi sukari, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaona. Mwili haujui mpaka huo. Damu inayopita kwenye ufizi ndiyo inayorudi kwenye moyo na figo. Mpaka huo pia unawagharimu wale wasiojua kabisa kwamba wanaumwa: kwa hesabu za Shirikisho la Kimataifa la Kisukari za mwaka 2021, watu wazima wapatao milioni 24 walikuwa na kisukari barani mwetu kusini mwa Sahara, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamegunduliwa. Baadhi yao hufika kwa daktari wa meno kwanza, wakiwa na majipu ya fizi yanayorudi rudi na kinywa kikavu. Tone moja la damu kwenye kifaa cha kupimia lingeweza kuwagundua papo hapo, miaka kadhaa kabla macho hayajaingia giza.

Wakati tunaidai mifumo ibadilike, sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwetu. Ukoga hujengeka kila siku, kwa hiyo hauondolewi na mtaalamu anayeonekana mara mbili kwa mwaka. Mswaki wenye nywele laini, dawa ya meno yenye floraidi, dakika mbili asubuhi na dakika mbili kabla ya kulala, nywele za mswaki zikielekezwa pale jino linapokutana na ufizi, hiyo ndiyo dozi. Uzi wa meno au vijibrashi vidogo husafisha kati ya jino na jino, mahali mswaki usipofika, na huko ndiko ugonjwa huanzia. Fizi zikitoka damu tusiache kusugua, kwa maana damu ndiyo inayodai usafi. Mji wa pwani haukosi mswaki wa mti, ambao Waislamu wanauenzi kama sunna na ambao lugha yetu imeuazima jina lake kwa brashi za plastiki. Ukitumiwa vizuri na kufikishwa hadi magego, mti huo ni chombo cha kweli kwa asiyemudu kingine. Sigara na ugoro viachwe, kwani kati ya vinavyoharibu fizi tunavyoweza kuviepuka, hakuna kinachoizidi tumbaku. Ambaye sukari imemshuka usiku akanywa soda au juisi amefanya lililo sawa, uhai kwanza, kisha asukutue kwa maji kabla ya kurudi kulala. Ukavu wa kinywa upozwe kwa maji yanayonywewa kidogo kidogo, si kwa peremende.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna kipimo kinacholionyesha, nalo ni aibu. Mtu mwenye jeraha mguuni hupewa pole. Mtu mwenye fizi mbovu hudhaniwa mchafu, na kwa kuwa anajua atadhaniwa hivyo, hufunika mdomo kwa kiganja anapocheka, hujitenga kwenye mazungumzo, na huahirisha kwenda kutibiwa mpaka ashindwe kula. Kisukari kimeshatuzoesha lawama za sukari kupanda, kana kwamba kila namba ni kosa la tabia, na kinywa huongeza lawama ya pili juu ya ile ya kwanza. Vibarua wa Sri Lanka wanatufundisha vinginevyo: kwa uchafu ule ule, mmoja hupona na mwingine huangamia, na wengi wetu tuliangukia upande mgumu bila kuchagua. Tukiuita ugonjwa wa fizi kwa jina lake, kidonda, aibu inapungua na wajibu unabaki. Hatumwonei haya mtu kwa kidonda chake. Tunamuuliza kinaendeleaje, kimesafishwa lini, na nani anakitazama.

Basi siku ya kliniki ijayo, muuguzi akishasema "vua viatu", na nyayo zikishakaguliwa, tusifunge kamba za viatu haraka. Yeye asipotuambia, tumwambie sisi: nitazame na kinywani, kuna kidonda. Akisema hiyo ni kazi ya mlango mwingine, tuombe karatasi ya kwenda mlango huo, na tukirudi tumpe majibu ayaandike kwenye kadi ile ile yenye namba za sukari. Kadi moja, mwili mmoja.